Kitanda kimepanda ukutani, vya mvunguni viende wapi?

Kabla hujaniuliza bei ya kitanda cha kukunja ukutani, inama kwanza uangalie mvunguni kwako.

Mimi niliinama Jumamosi moja asubuhi, nikavitoa vyote nikavipanga koridoni, wapangaji wenzangu wakadhani nahama. Masanduku mawili, moja la nguo zangu na moja la marehemu bibi ambalo halifunguki na hakuna anayekumbuka ndani kuna nini. Mtungi wa gesi wa kilo 6. Ndoo tatu zenye vifuniko. Jiko la mkaa, la siku ambayo gesi inaisha na mfuko umekauka. Gunia la vipande vya vitambaa, vile ambavyo kila fundi cherehani hujidanganya atavishonea kitu siku moja. Viatu vya shule vya binti yangu, jozi mbili, zote za mguu wa mwaka juzi. Kinu kisicho na mchi.

Tumezoea kusikia kwamba ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Sasa ukitaka mvungu wenyewe uondoke, unafanyaje? Maana kitanda cha kukunja ukutani kinakupa sakafu mchana, lakini kinakunyang'anya stoo. Kwenye picha za mtandaoni hilo hulioni, kwa sababu wale watu wana stoo, jiko na kabati la ukutani. Mimi stoo yangu ilikuwa chini ya godoro.

Naishi Mwananyamala, Dar es Salaam, chumba kimoja cha futi 10 kwa 10 kwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na korido katikati. Nashona. Cherehani iko dirishani, na kitanda changu cha zamani kilikuwa tano kwa sita. Piga hesabu: futi za mraba 100, kitanda peke yake kimekula 30. Weka cherehani, kabati, meza ya sufuria. Kilichobaki ni njia ya kupita, na kuipita kwenyewe mpaka ugeuke ubavu.

Kwa hiyo nilikuwa nakatia vitambaa kitandani. Asikudanganye mtu, godoro si meza. Kitambaa kinabonyea, chaki inaruka, na satini ndiyo kabisa, inateleza kama samaki. Siku moja nakata gauni la sendofu, mkasi unakwenda vizuri, nikajisifu kimoyomoyo. Kuinua kitambaa nakuta nimekata na shuka. Nimelikata sawasawa kabisa, na mkunjo wa kiunoni upo. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kilichonisukuma hasa si shuka. Ni shangazi yangu wa Tanga. Alikuja kunisalimia, nikampa shikamoo yake, nikapokea kikapu, nikamwambia karibu shangazi ukae. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akabaki amesimama. "Nikae wapi, mwanangu? Kitandani mwako?" Nikakimbilia jirani kuazima kiti. Wateja wangu wao wameshazoea, wanakaa tu, wengine na mabegi yao ya sokoni juu ya mto wangu. Shangazi hakuzoea, na kwa kweli nilimwelewa.

Baadaye nilipoanza kusomasoma habari za vitanda hivi nikakutana na bwana mmoja wa San Francisco, William Murphy, ambaye mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwa na tatizo la shangazi yangu hilohilo. Inasimuliwa kwamba alikaa chumba kimoja, akampenda mwimbaji wa opera, na adabu ya wakati ule haikumruhusu binti wa watu kuingia chumba chenye kitanda. Basi akakifanya kitanda kipotee. Kama hadithi imetiwa chumvi shauri yao, lakini jina lake lilienea mno: mwaka 1989 mahakama ya rufaa Marekani ilisema neno "Murphy bed" limeshakuwa jina la kawaida la kitanda cha aina hiyo, si mali ya kampuni tena.

Mimi lakini aliyenivutia ni mwanamke aliyemtangulia. Sarah Goode, mwanamke mweusi wa Chicago, alikuwa na duka la samani. Wateja wake walikaa vyumba vidogo. Tarehe 14 Julai 1885 akapata hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, ya kitanda kinachokunjika kikawa kama dawati la kuandikia, lenye vijumba vya kuwekea karatasi na vifaa vya kuandikia. Na kwenye maelezo yake hakuishia kwenye uzuri. Alisumbuka na uzito: sehemu za kukunja zisawazishwe ili mtu azinyanyue bila taabu. Nilisoma hapo nikatikisa kichwa, kwa sababu wakati huo uzito ulikuwa umeshanitoa jasho.

Fundi wangu wa kwanza simtaji. Nilimwonyesha picha kwenye simu, akasema hiyo ndogo sana dada, akachukua laki na nusu ya kutangulizia. Akanitengenezea sanduku la mbao za kubandika, zile za unga wa mbao, akafunga kitanda kwa bawaba za kabati. Bawaba za kabati! Mlango wa kabati unabeba kilo mbili, kitanda kinabeba mimi na mtoto. Siku ya kumi na moja, saa nane usiku, upande wa kichwani ukaachia. Hatukuumia, tuliteremka taratibu kama watu walio kwenye lifti mbovu, miguu juu kichwa chini. Asubuhi nikakagua: skrubu zimetoka na unga wake, tundu limebaki kama jino lililong'olewa. Nikampigia. Akasema tumelala vibaya.

Wa pili nilimpata Keko. Mzee, haongei sana, kwanza hakutaka hata kuiona picha. Aliniuliza mambo matatu: ukuta ni wako au wa kupanga, dari iko juu kiasi gani, na nani atakinyanyua kila siku. Nikamjibu wa kupanga, dari ni fupi, na anayenyanyua ni mimi. "Basi kitalala ubavu," akasema.

Maana yake nilielewa alipochora kwa chaki sakafuni. Vile vitanda vya kwenye picha vinasimama wima: mchago uko ukutani, miguuni kunapanda juu futi sita na zaidi. Kinachokunjwa ubavu, upande mrefu ndio uko ukutani, kwa hiyo kikisimama kimo chake ni upana wa kitanda tu. Akaniambia niachane na tano kwa sita, nichukue nne kwa sita, godoro la inchi 6. Kikifungwa, sanduku zima lina kina cha futi moja na urefu wa futi sita na inchi tano. Kutoka futi za mraba 30 nikashuka mpaka sita na nusu hivi. Hesabu hiyo niliirudia mara mbili njiani kwenye daladala.

Fremu ni ya chuma, skwea paipu ya inchi moja na nusu. Bomba moja lina mita 6, na mzunguko wa nne kwa sita ni futi 20, kwa hiyo bomba moja linapungua kama sentimita 10. Sentimita 10! Nilimwomba apunguze kitanda kidogo tusinunue la pili. Akanitazama kama mteja anayetaka gauni la mita tatu kwa kitambaa cha mita mbili na nusu. Tukanunua la pili, likatoa na vyuma vya kukatiza katikati, matendegu mawili ya mbele, na miguu ya chini ya sanduku.

Bawaba alitumia za geti. Hapo ndipo palipo siri ya bei. Ukisema unataka vyuma maalumu vya kitanda cha ukutani, utaambiwa viagizwe nje na bei yake inakata hamu. Bawaba ya geti, ile ya mviringo ya kuchomelea, ilikuwa shilingi 4,000, na kila siku inabeba geti zito jua kali na mvua. Akaweka tatu. Upande mmoja umechomelewa kwenye fremu, wa pili kwenye bapa la chuma lililokazwa kwa bolti kwenye ubao wa chini wa sanduku. Cha kufungia ni makomeo mawili ya geti, moja kila upande, kimo ambacho binti yangu hafiki. Alitaka kuweka moja. Nikakataa, nikamsimulia habari ya siku ya kumi na moja.

Ukuta ulikuwa kesi yake. Mama mwenye nyumba hataki kusikia neno kutoboa, na hata angetaka, tofali zenyewe ni za mchanga mwingi saruji kidogo, ukipigilia msumari unashuka na plasta. Kwa hiyo sanduku linasimama lenyewe. Kitanda kikiwa juu hakina neno, kikiwa chini matendegu yanakibeba. Balaa ni katikati, kinaposhuka nusu: uzito wote uko mbele na sanduku linataka kukufuata. Fundi akatoa miguu miwili ya chuma kutoka chini ya sanduku, inakuja mbele futi moja na nusu, imelala sakafuni. Imefanya kazi. Pia imenivunja ukucha wa kidole gumba mara moja, na mteja mmoja amejikwaa akaita jina la mtu nisiyemjua.

Sasa uzito. Chukua godoro, fremu, chaga, ubao wa plaiwudi wa kufunika uso wa nje ili kikisimama kionekane kama kabati, na juu ya ubao huo meza yangu ya kukatia, futi mbili kwa nne, yenye bawaba na minyororo miwili. Kila kitu jumla karibu kilo 50. Ukinyanyulia ukingoni hunyanyui zote, nusu yake imebebwa na bawaba. Mkononi zinakuja kama 25 mwanzoni, halafu kinapungua kadiri kinavyosimama. Kilo 25 ni mfuko wa unga. Ukinyanyua mfuko wa unga kila asubuhi kabla ya chai, mgongo unaanza kuongea na wewe kwa jina.

Mtu akanishauri shokapu za buti la gari la Noah, zile zinazosukuma mlango wa nyuma ukabaki juu. Nikaenda mtaa wa Gerezani, kwa wauza vipuri vya magari, nikanunua jozi iliyotumika, elfu thelathini. Wiki tatu za raha. Kisha moja ikaanza kutoa sauti kama chatu, ikaisha nguvu, na kitanda kikawa kinapanda upande mmoja. Huenda mpya zingedumu, lakini mpya zinataka mtu anayejua kupima nguvu yake: zikizidi, kitanda hakitaki kushuka, na mtoto mwepesi akilala peke yake kinaweza kumwinua. Nikazitoa.

Suluhisho lilikuwa kwenye kazi yangu mwenyewe na sikuliona mwezi mzima. Ile plaiwudi ya usoni, kilo nane nzima, ina kazi gani? Kuficha godoro tu. Na godoro lenyewe lilikuwa limeshaanza kunuka. Dar joto lake unalijua, unalala unaamka umelowa, halafu unachukua godoro lenye jasho la usiku unalifungia ndani ya sanduku mpaka jioni. Siku niliyogeuza godoro nikakuta madoa meusi ya ukungu mgongoni mwake, nikakaa chini.

Nikaifungua plaiwudi yote, meza tu ikabaki kwenye fremu. Nikachukua doti ya khanga nikaivisha fremu. Khanga moja ni kama mita moja na nusu kwa moja na kumi, haifiki, kwa hiyo niliunga zote mbili, nikachezesha pindo mpaka jina likakaa katikati juu ya meza: Mgeni njoo mwenyeji apone. Pembeni nimetia utepe wenye matundu na kamba, naikaza kama ngozi ya ngoma, na kila baada ya wiki mbili naifungua kufua. Upepo unapita, godoro linapumua, na kitanda kimepungua mpaka mkononi ni sawa na ndoo ya lita 20 ya maji. Ndoo ya lita 20 nimeinyanyua tangu nina miaka kumi na mbili, hiyo hainitishi.

Fundi alipokuja kuona akaishika khanga, akaibonyeza kwa kidole, akasema "Mh." Kwa mzee yule hiyo ni hotuba.

Chandarua nacho hakuna anayekizungumzia. Vitanda hivi vimebuniwa na watu wasio na mbu. Chandarua changu kilikuwa kimening'inia darini katikati ya kitanda. Kitanda kikipanda, chandarua kinabaki peke yake katikati ya chumba kama mzimu, na wateja wanakikwepa. Kukiweka darini tena haiwezekani, pangaboi liko jirani. Nikanunua bomba mbili za plastiki, zile za kupitishia nyaya za umeme, nikazikata futi nne kila moja. Ubavuni mwa sanduku kuna vitundu viwili; usiku nazichomeka, chandarua kina pete kama pazia, nakivuta mbele. Asubuhi nakisukuma nyuma nachomoa. Dakika moja. Sawa, mbili.

Kazi ya asubuhi yote ndiyo inayowashinda watu, nadhani. Huwezi kuamka ukaacha kitanda kimevurugika ukasema utarudi. Mito inakwenda rafu ya juu, shuka inanyooshwa, mikanda miwili inafungwa juu ya godoro (nimeishona kwa mikanda ya begi, na vishikizo vyake vya plastiki, godoro lisiteleze), kisha juu, komeo, komeo. Siku unaumwa, kitanda kinabaki chini na kazi hakuna. Jumapili nakiacha wazi mpaka saa sita, kipigwe upepo na nikague kunguni kwenye maungio. Mpaka leo sijawaona, natema mate chini.

Bei sasa, maana najua umeruka mpaka hapa. Mabomba mawili 56,000. Bawaba tatu 12,000, makomeo 7,000. Mbao za paini za sanduku na chaga 65,000. Plaiwudi nusu, ya meza na rafu, 25,000. Bolti, rangi na vijiti vya kuchomelea 22,000. Ufundi 90,000. Hiyo ni 277,000. Godoro jipya 120,000. Laki nne kasoro elfu tatu. Kile cha zamani nilikiuza 130,000, kikapunguza machungu. Laki na nusu ya fundi wa kwanza na elfu thelathini za shokapu sijaziweka, ukitaka kuziweka ziweke wewe, mimi nikizikumbuka nakosa usingizi. Kitanda cha kawaida cha nne kwa sita ni rahisi kuliko hiki, sitakuficha. Kama mchana wote uko kazini na chumbani unarudi kulala tu, pesa yako iache ilipo.

Na vya mvunguni? Gesi imekwenda koridoni, kwa ruhusa. Masanduku yamepanda juu ya kabati. Ndoo zimekuwa viti: nimezishonea mito ya duara juu ya vifuniko, wateja wanakaa. Gunia la vitambaa ndilo lililotoa mito hiyo, kwa hiyo siku moja imefika. Viatu nimegawa. Kinu nimempa jirani mwenye mchi.

Shangazi alirudi mwezi wa tano. Akakaribishwa kwenye ndoo ya bluu, akanywa chai, akatazama ile khanga muda mrefu. Kisha akauliza, "Na kitanda umeuza?" Binti yangu hakungoja, akaniomba nifungue makomeo amwonyeshe. Kilipokuwa kinashuka shangazi alisimama, akarudi nyuma mpaka mlangoni, mkono kifuani. Usiku alilala hapo na binti yangu, mimi nikatandika mkeka sakafuni, maana sasa sakafu ipo. Asubuhi nikamkuta ameamka kabla yangu, amekaa ukingoni, hataki kuinuka. Aliogopa akitoka tu kitajifunga.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na kodi inapanda, kwa hiyo natafuta chumba. Kitanda kinafunguka vipande vinne kwa spana namba 13, bolti nane, na kirikuu kimoja kinakibeba pamoja na cherehani. Juzi dalali alinipeleka kuona chumba Makumbusho, kizuri, kina choo ndani. Nikatoa tepu nikapima ukuta ulio kati ya mlango na kabati la zege. Futi sita na inchi mbili. Dalali akauliza, "Vipi dada, hujakipenda?" Nikapima tena.